Tangazo Kwenye Ukuta wa Stoo

Naanza na hili ili tusisumbuane baadaye: nilijua kusoma. Wajukuu zangu wanapenda kusema kwamba wanawake wa zamani hawakujua kitu, na mimi nawaacha waseme kwanza, kisha nawarudi. Nilizaliwa Kisarawe, nikatiwa chuoni nikiwa mdogo, nikahitimu msahafu, na kwa herufi zile zile za Kiarabu nikaweza kuandika barua ya Kiswahili kuanzia salamu mpaka wasalaam. Dada yangu aliyeolewa mbali aliniandikia hivyo na mimi nikamjibu hivyo. Herufi hizi ninazoandikia sasa, za Kizungu, nimezijua ukubwani baada ya uhuru, katika madarasa ya watu wazima. Mwalimu wetu alinisifu mbele ya wenzangu kwamba nina bidii. Haikuwa bidii, ilikuwa hasira, na nilikuja nayo kutoka kwenye shamba la mkonge.

Shamba lenyewe lilikuwa upande wa Soga, enzi ya Mwingereza, miaka michache baada ya vita kuu ya pili. Jina lake silitaji, limekwisha kufa na wenyewe wamekwenda zao. Mume wangu alikuwa analisha korona, mashine ile kubwa inayosaga majani ya mkonge mpaka zinabaki nyuzi tupu, tulizoziita singa. Mimi nilikuwa miongoni mwa wanawake wanaoanika singa juani kwenye nyaya. Tulikuwa na chumba kambini, chenye bati, na uwanja nyuma nilikopanda mchicha na mihogo michache. Binti yetu alikuwa ameanza chuo kwa maalimu wa pale pale kambini. Maisha hayakuwa mazuri, lakini yalikuwa yetu, na niliyapenda kuliko nilivyojua.

Kila asubuhi kiligongwa kipande cha reli kilichoning'inizwa mbele ya stoo, sisi tukasimama mistari, karani akaita majina. Baada ya majina yalifuata maneno ya serikali na ya kampuni: kodi, ndui, pombe ya kienyeji, mbwa wafungwe. Karani alisoma upesi, kwa sauti ya puani, na hakuna aliyemsikiliza. Wakata majani walikuwa na ngwe zao, maana yake kila mtu kipande chake cha shamba cha kumaliza siku ile, na anayewahi humaliza kabla jua halijakuwa kali. Kwa hiyo karani akifunga mdomo tu, umati mzima ulijibu kwa sauti moja, “Tumesikia!” na watu wakatimka mbio. Neno lile ndilo lililokuwa ruhusa yetu ya kuondoka. Angetusomea kwamba kesho tutachinjwa sote, tungeitika tumesikia na kuwahi kazini.

Asubuhi moja alikuja na karatasi kubwa yenye taji la Mfalme juu yake. Alisema serikali imeamuru kila mwenye kiwanda atundike maneno haya mahali ambapo wafanyakazi wote watayaona, na wasomewe pia, kwa sababu wengi hawajui kusoma. Akaanza. Nakumbuka alifika mahali panapokataza mtu kutia mkono kwenye mashine inayozunguka, mara matone ya mvua yakaanza kudondoka. Nakumbuka kwa sababu sisi wanawake tulikuwa tumeacha singa za jana nje, na singa zikilowa huwa ni matusi ya kutwa nzima. Karani akaikinga karatasi kwa koti lake, watu wakapiga “Tumesikia!”, tukakimbia kwenye nyaya. Baadaye fundi aliipigilia ile karatasi ukutani mwa stoo na kuiwekea kioo.

Hakuna aliyeikaribia. Wakati wa vita, karatasi yenye taji ilikuwa ikibandikwa kwa jumbe, mkuu wa kijiji, kesho yake vijana wanasombwa kwenda kufanya kazi ya lazima mashambani. Wengi wa pale walikuwa wamesombwa hivyo hivyo. Wanaume wazima walikuwa wanazunguka nyuma ya stoo wasipite mbele ya kile kioo, na sisi wanawake tulikuwa tunawacheka. Mimi pia nilicheka, kisha na mimi nikazunguka.

Masika yalipokolea, majani yalianza kuja yamelowa, na majani yaliyolowa huganda mdomoni mwa korona. Yakiganda, sharti yatolewe. Njia ya haki ni kupiga kelele mkanda usimamishwe. Lakini ukisimamisha mkanda nyapara anakuja juu, kazi yote nyuma yako imelala, na siku yako haitiwi alama kwenye kipande, ile kadi ya kazi. Kwa hiyo watu walikuwa wanachomoa majani kwa mkono mashine ikiwa inakwenda. Walifanya hivyo wote, kila siku, nyapara akiwaona na meneja akiwaona. Mbele ya meno ya mashine palikuwa na matundu manne ya bolti, mahali pa kufunga wavu wa chuma, na wavu wenyewe ulikuwa umeegemezwa ukutani, kuku wa nyapara wanalala juu yake.

Mimi nilikuwa kwenye nyaya. Niliisikia korona ikibadilisha sauti, kisha nikasikia ukimya, na ukimya wa korona mchana kweupe ulikuwa kitu ambacho hatukukijua. Wanawake wote tulisimama na singa mikononi. Kila mmoja alikuwa anaomba asiwe wake. Nami niliomba hivyo, na sioni haya kusema, niliomba awe wa mwingine.

Walimpeleka mume wangu stesheni kwa trela ya trekta, akapandishwa treni kwenda hospitali Dar es Salaam. Mkono wake wa kulia ulikuwa umekwisha kwenda na majani, mpaka juu ya kiwiko. Hawakuniruhusu kupanda. Nilirudi kambini kwa miguu nimejifunga kanga yenye damu yake, na watu walionipita njiani hawakujua wanisalimie vipi.

Alipokuwa bado hospitali, karani alikuja mlangoni kwangu. Alikuwa kijana wa heshima, hakuwahi kunitukana hata siku moja, na mpaka leo sijui nimchukie kiasi gani. Alisimama kwenye kizingiti, kofia mkononi.

“Pole, mama.”

“Nimekwisha poa. Sema ulichotumwa.”

“Meneja anasema mumeo amevunja amri ya tangazo. Alikatazwa kutia mkono, akatia. Kwa hiyo hana haki juu ya kampuni. Na chumba hiki kinatakiwa, kuna watu wanakuja kutoka bara.”

“Twende wapi?”

“Bwana mkubwa wa Idara ya Kazi atakuja kukata shauri. Mpaka siku hiyo mnaweza kukaa.”

Nilikaa chini pale pale sakafuni. Kwetu Kisarawe baba alikuwa amekwisha kufa na shamba limegawanywa kwa kaka zangu. Kwa mume wangu hakukuwa na kitu kabisa. Mtu wa mkono mmoja, wa kushoto, asiye na haki wala chumba, na mtoto wa kike. Niliona mbele yangu hakuna kitu. Watu husema hivyo kwa urahisi, lakini mimi niliona kweli, nilitazama uani na sikuuona hata ule mchicha.

Kesho yake saa ya mapumziko nilikwenda kusimama mbele ya kile kioo. Sikuzunguka. Karatasi ilikuwa na maneno juu na maneno chini, na katikati mstari mnene mweusi. Nilijua karani aliishia juu, kwa sababu mvua ilimkatisha mapema mno. Je, huku chini waliandika nini? Niliyatazama yale mafungu ya herufi mpaka macho yakatoa maji. Mimi niliyehitimu, niliyekuwa ninawasomea wenzangu barua za waume zao! Nilikuwa na hamu ya kukipiga kile kioo kwa kichwa.

Nikachukua ubao wa chuo wa binti yangu na kipande cha mkaa. Kila saa ya mapumziko nikawa ninasimama pale na kuchora. Sikuandika, nilichora, kama mtu anavyonakili ua la kanga: kijiti, duara, kijiti chenye mkia. Mlinzi wa stoo akaja kuniuliza ninafanya nini. Nikamwambia nimependa nakshi. Alinitazama, akatazama karatasi, akatikisa kichwa na kwenda kukaa. Nadhani alisema moyoni kwamba mke wa fulani ameshaanza kurukwa na akili, na hakuwa mbali sana na ukweli.

Nilipokwisha kuyachora maneno yote ya chini, nikautia ubao kwenye kikapu, nikaufunika kwa kisamvu, nikafunga safari. Kwenye njia ya kwenda kwetu Kisarawe kulikuwa na shule ndogo ya misheni, na mwalimu wake alikuwa Mkristo wa huko huko, mtu mzima. Nilimkuta anapalilia mihogo.

“Shikamoo, mwalimu.”

“Marahaba, mama. Karibu.”

Nikautoa ubao. Kwanza alicheka, kwa sababu herufi nyingine zilikuwa zimelala chali. Kisha akaacha kucheka. Akaweka jembe chini, akavuta kigoda.

“Haya umeyatoa wapi?”

“Ukutani mwa stoo, kazini.”

“Na hujui kusoma?”

“Najua kusoma, mwalimu. Sijui herufi hizi.”

Akanisomea polepole, na mimi nikawa ninaandika pembeni kwa herufi zangu. Maneno yalikuwa haya: tajiri, maana yake mwenye kiwanda, lazima afunge wavu mbele ya meno ya mashine. Tajiri lazima asimamishe mashine kabla haijasafishwa. Tajiri asimwadhibu mtu kwa kusimamisha mashine. Mtu akiumia kazini ana haki ya kulipwa na tajiri wake, na kama hakulipwa apeleke habari kwa mkuu wa wilaya. Nilimwomba anisomee tena. Alisoma tena. Nikaanza kulia, kwa furaha sasa, nikimlaani meneja na kumshukuru Mungu kwa pumzi moja. Kumbe haki yetu ilikuwa pale pale, chini ya kioo, tunapita nyuma yake tukichekana.

“Uje useme na wewe, mwalimu,” nilimwambia. “Wewe watakusikiliza.”

Akatazama mihogo yake. “Mama, nusu ya watoto wangu wa shule baba zao wako kwenye lile shamba. Lakini wewe useme. Mwambie huyo bwana kwamba mlisomewa nusu. Kama mlisomewa yanayowakataza ninyi tu, na yanayomlazimu yeye hamkusomewa, hapo tangazo halikufanya kazi yake. Tafuta mtu aliyekuwepo, asimame na wewe.”

Mtu huyo alikuwepo. Mwenzake mume wangu katika kulisha korona, aliyesimama upande wa pili wa mashine ile ile, ndiye aliyemvuta siku ile. Alikuwa ananiita shemeji na alikula kwetu mara nyingi. Nilipomweleza alipiga paja lake.

“Kweli, shemeji! Mvua ilinyesha, karani akakatiza. Hayo ya wavu hatukuyasikia. Nitasema mimi, mbele ya huyo mzungu, nitasema.”

Mume wangu alirudi kabla ya siku ya shauri. Alikuwa amekonda, na mkono wa shati umepigwa pini. Hakutaka kutazamwa akila. Nilimsomea ubao, akasikiliza ameinamisha kichwa, kisha akaniambia nisome tena pale pa kusimamisha mashine. “Asimwadhibu mtu,” alirudia. “Imeandikwa?” Nikamwambia imeandikwa. Ilikuwa mara ya kwanza tangu arudi kuniangalia usoni.

Siku ya shauri bwana mkubwa alishuka Soga kwa treni ya alfajiri, akafika wakati watu wamesimama mistari. Alikuwa mzungu mwembamba, mwenye adabu, amechoka. Wavu wa chuma, naweza kuwaambia, ulikuwa umefungwa kwenye korona tangu juzi yake, umepakwa rangi. Kuku walikuwa wanatangatanga hawajui pa kulala. Meza ililetwa nje, karani akasimama kutafsiri. Mume wangu akaitwa mbele, na mimi nikaenda naye bila kuitwa, nimeushika ubao kifuani.

Nilisema yote. Karani alisoma ya juu, mvua ikaja, ya chini hayakusomwa, na ya chini ni haya. Nikauinua ubao juu ili bwana mkubwa auone.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika, na sikuyaelewa mpaka yalipokwisha. Nilisikia mguno mistarini. Nilidhani watu wananiunga mkono. Kumbe walichokiona wao ni mwanamke aliyepatwa na msiba, amesimama mbele ya umma na ubao wa chuo ulioandikwa kwa mkaa, nusu maneno ya Kiarabu na nusu alama wasizozijua. Pwani nzima inajua maana ya hilo. Walidhani nimekwenda kwa maalimu kusomesha halbadiri, kisomo kile kinachosomwa ili mwongo apatwe na mabaya, kwamba kila atakayesema neno la uongo mbele ya ubao ule atavimba tumbo na kufa pamoja na wanawe. Siku chache nyuma walikuwa wameniona ninatoka kambini na kikapu, wakajua nimekwenda kwa mtu mzito.

Bwana mkubwa alimwita shemeji yangu. Alikuja taratibu, macho kwenye ubao.

“Tangazo hili lilisomwa mbele yenu?”

“Lilisomwa, bwana.”

“Lote au nusu?”

Shemeji akautazama tena ubao. Nilimwitikia kwa kichwa, nikiusogeza ubao karibu naye ili nimpe nguvu, maskini mimi.

“Bwana,” alisema, “mbele ya kitu hiki siwezi kusema nisichokijua. Mimi sikusikiliza. Nilikuwa naiwaza kazi. Sijui kama lilisomwa lote au nusu.”

“Lakini uliitika kwamba umesikia?”

“Niliitika, bwana. Hilo nalijua. Tuliitika sote.”

Wakaitwa wengine, kila mmoja akasema hivyo hivyo, kwa uangalifu mkubwa, kama anavuka maji asiyoyajua kina chake. Hawakunisaliti. Hawakumwogopa hata meneja. Sijawahi kuona watu wakisema ukweli kwa uaminifu kiasi kile, kila mmoja akichambua alichosikia kwa masikio yake na asichosikia, na ukweli wenyewe ulikuwa kwamba hakuna aliyesikia kitu, ila wote waliitika. Nilipiga kelele kwamba huu ni ubao wa mtoto tu, si halbadiri, ni maneno ya tangazo! Nani aniamini? Anayesomesha halbadiri husema hivyo hivyo.

Karani naye aliulizwa. Alisema alisoma lote. Hakuutazama ubao aliposema, na mimi niliona jasho kwenye mdomo wake wa juu, lakini jasho haliandikwi shaurini.

Bwana mkubwa aliandika kwa muda. Alimtazama mume wangu, akatazama mkono wa shati uliopigwa pini, na nadhani alisikitika kweli. Kisha akampa karani karatasi aisome mbele ya umma, kama sheria inavyotaka. Karani akasoma kwa sauti ya puani, upesi, kama siku zote. Kwamba tangazo lilitundikwa mahali pa wazi, na wavu ulikutwa umefungwa. Kwamba lilisomwa na wafanyakazi wakakiri kulisikia. Kwamba mtu huyu aliumia kwa kuvunja amri aliyoijua. Kwamba kampuni haidaiwi kitu, na chumba kirudishwe mwezi ukiisha.

Jua lilikuwa limeshatoka juu ya mikonge. Wakata majani walikuwa wanahamahama mguu huu na mguu huu, mapanga mikononi, ngwe zinawangoja. Karani akafunga mdomo.

“Tumesikia!” umati uliitika.

Na sauti moja nyuma yangu, karibu kabisa, iliitika pamoja nao. Niligeuka. Alikuwa mume wangu. Midomo yake ilikuwa bado wazi. Watu walipotimka naye alitimka, akapiga hatua kuelekea korona, bega la kulia limetangulia kama alivyozoea, hatua kadhaa, mpaka alipofika penye kivuli cha stoo akasimama. Nilimfuata. Nikamshika ule mkono wa shati usio na kitu ndani, kwa sababu upande huo ndio uliokuwa kwangu, tukarudi chumbani kufunga vitu.